Chatini ya Embe kwa Msimu wa Pwani

Katika ukanda wa pwani, kuanzia Muheza na Tanga hadi Kilifi na Malindi, msimu mkubwa wa maembe huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Februari, na kwa kuwa miti mingi huzaa kwa mkupuo mmoja, bei huporomoka katika wiki zile zile ambazo mkulima ana mzigo mkubwa zaidi. Njia mojawapo ya kuyanusuru mavuno hayo ni kupika chatini ya kuhifadhi, yaani rojo nzito ya matunda, sukari, siki na viungo iliyochemshwa hadi sehemu kubwa ya maji yake ikakauka. Hii ni tofauti na chatini mbichi ya nazi au kotimiri, ambayo husagwa na kuliwa siku hiyo hiyo, na tofauti pia na achari, ambayo vipande vyake hubaki vizima katika chumvi, pilipili na mafuta.

Kazi huanzia mtini. Embe linalofaa ni lile lililopevuka bila kuiva, ambalo mabega yake yamejaa karibu na kikonyo huku nyama ikiwa ingali ngumu na chachu, kwa sababu embe bivu huvurugika sufuriani na asidi yake huwa imepungua. Dodo, kwa wingi wa nyama yake, hupunguza kazi ya kumenya. Maembe yaliyoangushwa na upepo hufaa yakiokotwa siku hiyo hiyo, ila lenye kidoa kinachochuruza utomvu lipasuliwe kwanza, kwa kuwa huenda hapo ndipo nzi wa matunda alipotaga mayai. Yenye funza yafukiwe katika shimo lenye kina cha angalau nusu mita, maana chatini si hospitali ya matunda yaliyooza.

Kwa kilo moja ya nyama iliyokatwa vipande vidogo, vipimo vinavyofaa ni nusu kilo ya sukari, mililita 400 za siki, robo kilo ya vitunguu maji, kipande cha tangawizi, punje chache za kitunguu saumu, vijiko viwili vya chai vya chumvi, na pilipili kwa kadiri ya ulimi wa mlaji. Viungo vya ladha vinaweza kubadilishwa, lakini siki isipunguzwe hata kidogo, kwa kuwa asidi yake ndiyo inayozuia bakteria wa botulini, ambao hutoa sumu ya kuua ndani ya chupa isiyo na hewa. Kwa sababu hiyo inahitajika siki ya dukani iliyoandikwa asilimia 5 ya asidi. Siki ya tembo la mnazi, pamoja na uzuri wake katika kachumbari, ina ukali usiopimwa.

Sufuria za alumini, ambazo ndizo zilizojaa majikoni, huliwa na asidi na kuipa chatini ladha ya bati, hivyo itumike ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Moto uwe wa wastani, na mwiko usiachwe katika dakika za mwisho, kwani sukari huungua chini wakati juu pangali panatokota kwa upole. Chatini huwa tayari pale mwiko unapoburutwa katikati ya sufuria na kuacha njia ambayo haijazwi mara moja na maji.

Chatini hujazwa ingali moto katika chupa za kioo zilizochemshwa, ikiachwa nafasi ya takriban sentimita moja juu, kisha chupa zilizofungwa huchemshwa zikiwa zimefunikwa na maji kwa dakika 10 pwani. Kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi nyanda za juu, muda huo huwa dakika 15 mahali kama Nairobi, na 20 panapozidi mita 1,800. Kifuniko kilichojifunga vyema huwa kimebonyea katikati. Kisichobonyea, chatini yake ihifadhiwe kwenye jokofu na iliwe kwanza.

Ukali wa siki hutulia baada ya wiki nne hadi sita, kwa hiyo ladha isihukumiwe mapema. Anayekusudia kuuza nchini Tanzania anaweza kutafuta mafunzo katika shirika la viwanda vidogo, SIDO, na atahitaji idhini ya shirika la viwango, TBS, na katika kupanga bei asisahau sukari na chupa, ambazo wakati wa msimu hugharimu zaidi kuliko maembe yenyewe.