Miche Iliyoshika

Somo la wiki. Soma: Luka 13:6–9; Luka 14:28–30; Wimbo Ulio Bora 1:6

Jumapili tulisoma habari ya mtini usiozaa, na wengi tulisema amina pale mtunza shamba anapouombea mwaka mmoja zaidi. Lakini kuna jambo tulilipita haraka. Yule mtu hakuomba muda mtupu. Aliahidi kazi: kuuchimbia mti pembeni na kuutia samadi. Tena alikubali kwamba ukikataa kuzaa, ukatwe.

Tulete neno hili kwetu, Kayole, Umoja, Dandora, Makongeni, ambako shamba ni gunia mlangoni ama makopo kwenye balkoni. Mtu wa kanisa hili anaamka saa kumi na moja kuwahi matatu. Jioni ana darasa. Alhamisi kwaya, Jumamosi chama. Ana kuku kwa binamu yake kule Kamulu, ana ploti anayolipia pole pole. Mvua ya mwezi wa nne ikianza, anaona gunia la jirani limekuwa kijani, naye ananunua miche hamsini ya sukuma. Yote ni mema. Hakuna dhambi hata moja hapo, ndiyo maana hakuna anayemkemea.

Gunia lenyewe ni hivi. Unachanganya udongo na samadi, katikati unasimamisha nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, halafu unatoboa mashimo pembeni na kuchomeka miche. Ukikosa ile nguzo ya kokoto, ya juu inakunywa na ya chini inakufa kiu. Na furaha yake, wapendwa! Ugali uko jikoni, unatoka nje unachuma majani ya chini, ya juu yanaendelea kukua. Sukuma iliyotunzwa itakulisha kwa miezi. Lakini inataka maji hata wiki ile bwawa la Ndakaini limeshuka, mgao umekaza, na mtungi unaununua kwa mkokoteni.

Nina ushuhuda, na si wa kujisifu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na magunia matatu, darasa la jioni, vijana wa kanisa, na vifaranga mia moja tulivyonunua pamoja na ndugu mmoja wa hapa hapa. Pesa nyingi ilikuwa yake, kazi ilikuwa yangu. Wiki ya mitihani siku ya chanjo ilifika, nikasema kesho. Kesho nikasema kesho. Vifaranga vilianza kusinzia, vikafa karibu vyote. Magunia mawili nayo yakakauka. Lililobaki ni lile la karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu mke wangu alikuwa akilimwagia maji aliyooshea mchele.

Jumapili nilisimama mbele nikaongoza maombi ya kuvunja roho ya hasara. Ndugu yule alikuwa ameketi safu ya tatu. Hakusema amina. Ilikuwa chanjo, wapendwa, haikuwa roho.

Profesa Wangari Maathai alipanda miti yake saba ya kwanza hapa karibu nasi, Kamukunji, tarehe 5 Juni 1977. Wakati huo alikuwa akifundisha chuo kikuu, ana watoto watatu, tena ana kazi katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya. Si miti yote saba iliyoishi. Lakini angalia jinsi kazi hiyo ilivyoendelea baadaye chini ya Green Belt: akina mama vijijini hawakulipwa kwa kupanda. Walipewa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika na kuishi. Kwa hiyo mche uliokufa kitaluni au shambani haukuhesabiwa, hata kama uliimbiwa nyimbo siku ya kupandwa.

Sasa chukua karatasi. Andika kila ulichoanzisha: gunia, kuku, kozi, ploti, chama, huduma. Mbele ya kila kimoja andika nani anakimwagilia siku wewe haupo. Pale pasipo na jina, una njia mbili za yule mtunza shamba. Uchimbie na utie samadi, ukiweka tarehe ya mwisho, au ukate. Na kukata si kutoroka usiku. Ni kwenda kwa wanaokungoja na kuwaambia. Kama kuna pesa ya mtu, ni kumrudishia. Mimi nilienda kwa ndugu yangu na shilingi 1,000 ya kwanza. Mke wake alitupikia chai, hatukuongea mengi. Nilimaliza kulipa baada ya mwaka na zaidi.

Huduma pia iko kwenye hiyo karatasi. Yule dada wa Wimbo Ulio Bora alikuwa akitunza mashamba ya mizabibu ya wengine, lake likabaki bila mtu. Kama uko kwaya, ushers na kamati ya mazishi, na watoto wako hawajala nawe tangu Jumatatu, mwambie kiongozi wako utapumzika msimu huu. Mchungaji ameniruhusu kuandika hivyo.

Jumatano, kwenye ushirika wa nyumbani, njooni na karatasi zenu. Hatutazisoma kwa sauti. Kila mtu ataombea kile anachokikata kama anavyoombea kile anachokitunza. Wanaotaka kuanza bustani waanze na terere badala ya sukuma, maana kwa wiki nne hivi unachuma, na utajua mapema kama una muda. Samadi iko nyuma ya kanisa. Kila mtu aje na gunia lake, moja.