Mafuta ya Bunduki kwa Masika na Kiangazi cha Songea

Bunduki nyingi zinazomilikiwa kihalali Mshangano na kata nyingine za Manispaa ya Songea hazifyatuliwi mara kwa mara. Ya mlinzi wa ghala la mahindi inaweza kumaliza msimu mzima bila kutoa risasi hata moja. Ya mkulima hulala ndani ya kasha la chuma. Kinachoziharibu ni kutu, vumbi na mafuta yasiyofaa, na uharibifu huo huanzia mahali jicho lisipofika: ndani ya mtutu, chini ya kitako, kwenye springi ya triga. Mwenyewe anakuja kugundua siku anayoihitaji, pale triga inapovutwa isirudi au pini inapogonga kivivu.

Ndiyo maana kwa mmiliki wa hapa natanguliza kinga dhidi ya kutu kuliko utelezi. Matangazo mengi ya mafuta ya silaha huwalenga watu wanaopiga mamia ya risasi kwa siku viwanjani, ambao shida yao ni joto na msuguano. Yetu ni unyevu. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo hata nguo kabatini huvunda. Juni na Julai huja baridi inayofanya mafuta mazito yazidi kuwa mazito, na kufikia Septemba na Oktoba vumbi jekundu linaingia kila tundu. Mafuta utakayonunua yatapita katika hali zote hizo.

Kabla hujagusa kopo lolote, toa risasi zote. Fungua chemba, itazame kwenye mwanga, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zipelekwe chumba kingine kabisa, watoto wasiwepo, na mtutu uelekee upande usio na mtu muda wote wa kazi. Bunduki inayoua mtu wakati wa kusafishwa ni ile ambayo mwenyewe alikuwa na hakika kwamba haina kitu. Usilifanye zoezi hili kwa mazoea, hata kama ulishalifanya jana.

Sasa tuje kwenye mafuta yenyewe, na tuanze na yale ambayo watu huyatumia kwa sababu yapo karibu.

Mafuta ya cherehani ni mepesi, safi na hayaachi gundi. Yanalainisha vizuri bawaba na triga. Tatizo lake ni kwamba hutiririka na kuisha upesi, na hayakutengenezwa kuzuia kutu kwenye chuma kilicholowa mvua. Kama huna kingine, yatumie, lakini masika itabidi uyarudie kila wiki.

Oili mpya ya injini ni bora kuliko wengi wanavyodhani. Imetengenezwa ishike kwenye chuma, ivumilie joto na ipunguze kulika kwa vyuma vinavyosuguana. Chagua nyepesi, kama 5W-30 au 10W-40. Ile ya SAE 40 au 20W-50 iliyozoeleka kwenye pikipiki na malori huwa nzito asubuhi ya Juni, na springi dhaifu ya pini inaweza kushindwa kuisukuma. Kumbuka pia kwamba oili hii imekusudiwa chuma kilichofungiwa ndani ya injini, hivyo haina kinga ya kutosha kwa chuma kinachokaa wazi kwenye mvua.

Oili chafu, ile iliyomwagwa gereji, usiiguse. Imebeba chembe za chuma, masizi na asidi, yaani vitu vilevile unavyotaka kuviondoa kwenye bunduki. Juu ya hayo ina kemikali zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi kwa mtu anayeishika mara kwa mara. Nimewasikia watu wazima wenye busara wakiisifu kwa sababu inazuia mchwa kwenye nguzo. Nguzo haina pini wala springi.

Mafuta ya kula nayo hayafai. Ya alizeti hushikana na hewa, yakageuka utando unaonata kama vanishi, na kuuondoa ndani ya kifuko cha triga ni kazi ya kutwa. Ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, maana yake Songea yatakuwa yameganda usiku mwingi wa mwaka. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani na kubandua vanishi ya kitako. Mafuta ya taa yanaondoa uchafu vizuri, lakini yakishakauka huacha chuma kikiwa uchi, kwa hiyo lazima yafuatwe na mafuta mengine papo hapo. Petroli ni hatari ya moto, na sioni sababu ya kuileta kabisa karibu na kazi hii.

Kuna pia mafuta ya kupuliza ya WD-40, yaliyoenea kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Yalitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na namba hiyo inatokana na jaribio la 40 la kupata kimiminika cha kufukuza maji kwenye chuma. Hiyo ndiyo kazi yanayoiweza. Mlinzi aliyelowa usiku kucha anaweza kuyapulizia nje ya bunduki iliyotolewa risasi, akafuta, kisha akapaka mafuta halisi. Yakiachwa peke yake, kinga yake haidumu. Na yasifike kwenye risasi hata kidogo, kwa sababu mafuta mepesi ya namna hii huweza kupenya hadi kwenye kiwashio na kuifanya risasi isilipuke.

Ukipata nafasi ya kununua mafuta yaliyotengenezwa kwa ajili ya silaha, kupitia mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, tafuta kopo lenye herufi CLP. Maana yake ni kwamba mafuta hayo yanasafisha, yanalainisha na yanakinga kutu kwa pamoja. Jeshi la Marekani lina kiwango chake cha mafuta ya aina hii, MIL-PRF-63460, na kopo lililotimiza kiwango hicho huandikwa hivyo. Mengine ya zamani na yanayoaminika ni Ballistol ya Ujerumani, iliyobuniwa mwaka 1904, ambayo haidhuru mbao wala ngozi na huchanganyika na maji. Kopo dogo la aina yoyote kati ya hizi hudumu muda mrefu kwa mwenye bunduki moja. Usinunue kopo lililobanduliwa lebo au lililofunguliwa kizibo.

Grisi ina nafasi yake, ila ni ndogo. Kwenye shotigani ya kukunja, paka grisi kiasi cha punje ya mchele kwenye pini ya bawaba na kwenye meno yanayofunga mtutu, kwa sababu hapo chuma kinasuguana na chuma kwa nguvu. Kwingineko isiende. Ndani ya mtutu hasa, grisi au mafuta mengi ni hatari: risasi ikikutana nayo, shinikizo hupanda na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Kabla ya kwenda lindo, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu mpaka kitoke kikavu.

Kosa ninaloliona zaidi ni wingi. Watu humimina. Kiasi kinachotosha ni kile kinachoacha mng'ao kwenye chuma lakini hakichuruziki ukikisimamisha. Kiangazi, mafuta yaliyozidi hukamata vumbi na kuwa sawa na ile grisi ya kusagia vali ambayo fundi wa gereji huitumia makusudi kula chuma. Mafuta yaliyozidi hushuka pia hadi kwenye mbao za kitako na kuzilainisha pale zinapokutana na chuma, mpaka kitako kinaanza kucheza. Baada ya kupaka, acha bunduki usiku mmoja mtutu ukiwa chini, juu ya kitambaa, ili ziada itoke mbele badala ya kurudi kwenye mbao. Njia ya pini iache karibu kavu. Magazini ifute tu.

Wenye magobore, na wenye risasi za zamani za kijeshi, wana jambo moja la ziada. Baruti nyeusi, na viwashio vya zamani vyenye klorati, huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo inanyonya maji hewani na kula chuma kwa muda mfupi sana masika. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu ikaendelea kula chini kwa chini. Inayeyushwa na maji. Osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni siku ileile, ukaushe vizuri, ndipo upake mafuta. Na gobore ni silaha kisheria: kulitengeneza au kulimiliki bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Asiye na leseni dawa yake iko kituo cha polisi, kulisalimisha, haiko kwenye kopo la mafuta.

Kama unasitasita kati ya mafuta mawili, yajaribu mwenyewe bila kuigusa bunduki. Chukua misumari mipya mikubwa, ioshe kwa sabuni iondoke mafuta ya kiwandani, ikaushe, kisha kila mmoja uupake mafuta yake na mmoja usipakwe kitu. Itundike upenuni mwa nyumba mwezi wa Januari, mahali inapopata ukungu lakini si mvua ya moja kwa moja. Wiki chache zitakuonyesha ni mafuta gani yanazuia kutu na yapi hayazuii. Juni weka tone la kila mafuta juu ya kipande cha kioo, ukiache nje usiku, asubuhi ukiinamishe. Tone lisilotembea lisiende kwenye springi yako.

Masika, usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa turubai. Mfuko hushika unyevu na kuushikilia kwenye chuma. Bunduki iliyotoka kwenye baridi ya nje na kuingia chumba chenye joto hutoka jasho, kwa hiyo isubiri ishike joto la chumba, ifute, kisha ndiyo uipake mafuta na kuifungia. Alama za vidole pia zifutwe, maana jasho la mtu lina chumvi. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa kuwa mabaki ndani ya mtutu yana madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Kwa kampuni za ulinzi nina ombi mahususi. Bunduki moja hukabidhiwa kutoka lindo la mchana kwenda la usiku, na kwa kuwa ni ya wote, hakuna anayeipaka mafuta. Wekeni kwenye daftari la makabidhiano mstari wa tarehe ya kusafishwa, aina ya mafuta yaliyotumika na sahihi ya aliyesafisha. Mkibadilisha aina ya mafuta, ya zamani yaondolewe yote kwanza, kwa sababu baadhi yake yakichanganyika huganda. Na mlinzi akiandika kwamba triga ni nzito au bawaba inacheza, bunduki hiyo iondolewe lindoni siku hiyohiyo na ipelekwe kwa fundi wa silaha mwenye leseni, si kwa mchomeleaji wa jirani.