Mikrobi: viumbe visivyoonekana kwa macho

Mama ameloweka mihogo katika maji. Baada ya siku tatu au nne mihogo imelainika, na sumu yake imepungua. Ni nani aliyeilainisha? Ni viumbe vidogo sana vinavyoishi katika maji yale. Macho hayawezi kuviona. Huonekana kwa mikroskopi, chombo cha kukuza vitu vidogo. Viumbe hivi huitwa mikrobi. Vingine vina faida, vingine huleta magonjwa. Aina zake kubwa ni nne.

1. Bakteria. Kila bakteria ni chembe moja yenye uhai. Bakteria 1.000 wakipangwa katika mstari, urefu wao ni kama milimeta moja au mbili tu. Wakipata chakula na joto, hujigawa: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Wengine hujigawa kila dakika 20. Bakteria ndio wanaolainisha mihogo. Lakini wengine huleta kipindupindu, kifua kikuu na pepopunda.

2. Virusi. Hivi ni vidogo kuliko bakteria, na mikroskopi ya dispanseri haivionyeshi. Virusi si chembe, wala haviwezi kuongezeka peke yake. Huingia katika chembe ya mtu, mnyama au mmea na kuitumikisha ili itengeneze virusi vingine. Surua, mafua na polio huletwa na virusi. Virusi vya Ebola vilijulikana mwaka 1976, ugonjwa ulipotokea Yambuku, kaskazini ya Kongo.

3. Kuvu. Ukungu unaoota juu ya mkate wa zamani ni kuvu. Hamira inayoumua mkate ni kuvu pia. Kuvu nyingine huota katika ngozi ya kichwa, nywele zikakatika na kuacha duara.

4. Protozoa. Huyu ni chembe moja, lakini kwa kawaida ni mkubwa kuliko bakteria. Protozoa wa malaria huingizwa katika damu na mbu jike. Protozoa wa malale huletwa na nzi aitwaye mbung’o.

Kila aina na dawa yake

Mwaka 1928, katika mji wa London, Alexander Fleming aliona kuvu imeota katika sahani yenye bakteria. Karibu na kuvu ile bakteria walikuwa wamekufa. Kutoka kuvu hiyo ikapatikana dawa ya penisilini. Penisilini huua bakteria wengi, lakini haiwezi kitu juu ya virusi, wala juu ya protozoa wa malaria.

Mtoto ana homa. Baba yake anamnunulia vidonge vya penisilini sokoni. Ikiwa homa ile ni malaria, vidonge havimsaidii, na malaria inaweza kumwua mtoto mdogo kwa siku chache. Baba mwenye busara humpeleka dispanseri upesi. Huko munganga hupima tone la damu, kisha hutoa dawa inayofaa.

Tena ni afadhali kuzuia kuliko kuponya. Sabuni, maji yaliyochemshwa, chandarua na chanjo hulinda nyumba nzima. Mungu amempa mtu akili ili autunze uzima wake na wa jirani yake.

Maulizo

1. Taja aina nne za mikrobi.
2. Bakteria na virusi vinatofautiana namna gani?
3. Bakteria mmoja akijigawa kila dakika 20, watakuwa wangapi baada ya saa moja?
4. Kwa nini penisilini haiponyi malaria?