Mchezo Ulionifungua Mdomo



Mwaka wangu wa kwanza hapa Kampala, nikiulizwa swali darasani sauti ilikwama kooni. Rafiki akanialika kwenye mchezo wa kuigiza mezani, wa aina ya Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Msimulizi hueleza tukio. Kila mchezaji, kama mhusika wake, husema atafanya nini.

Mchezo huo hutumia kete, na wanavyuoni wetu wamezikemea. Tukaziacha, msimulizi akaamua kwa uzito wa hoja.

Nikawa kadhi wa mji wenye njaa: ghala moja la mahindi, mitaa miwili ikiligombea. Nikasikiliza pande zote, nikapiga hesabu ya magunia, nikatoa hukumu. Wenzangu wakanionyesha kwamba nimewasahau wagonjwa. Nikairekebisha mbele yao.

Nilijifunza mambo matatu: kusikiliza kabla ya kujibu, kupanga hoja, na kukubali kosa. Muhula uliofuata niliwasilisha mada darasani bila kutetemeka.

Angalizo moja: adhana ikisikika, mchezo usimame.

Wabillahi tawfiq.