Tunda la Shambani, Afya Glasini

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sijui kama waliwahi kupita Kakuyuni, lakini methali hii yatuhusu sana. Msimu wa maembe ufikapo, ngowe, boribo na dodo huanguka na kuoza chini ya miti kwa kuwa dalali anayataka kwa bei ya kutupa. Wakati huo huo mwanafunzi anatoa shilingi zake dukani kununua maji yaliyotiwa sukari na rangi, ati ni juisi. Jamani, hebu tuambizane ukweli! Somo letu leo ni namna ya kutengeneza nyumbani vinywaji vizito vya matunda, vitamu na vyenye kujenga mwili, kwa vitu tulivyo navyo.

KISA CHA MALINDI

Thamani ya matunda ilijulikana hapa kwetu zamani. Mnamo Januari 1499 Mreno Vasco da Gama alifika Malindi akitoka Bara Hindi. Alikuwa amekaa baharini kiasi cha miezi mitatu, na mabaharia wake wapatao 30 walikuwa wamekufa njiani kwa kiseyeye. Ugonjwa huu huvimbisha fizi na miguu, na nguvu zote zikamwisha mtu. Walipotia nanga, mtu alitumwa pwani haraka akatafute machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Yaliletwa, lakini kwa wengi msaada ulikuwa umechelewa, wakafia papa hapa. Mwaka 1747 daktari Mskoti James Lind aliwajaribu mabaharia wagonjwa kwa dawa mbalimbali, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi.

Siri yake ni vitamini C. Mwili hauwezi kujitengenezea vitamini hii, wala hauiweki akiba ya muda mrefu. Basi matunda si anasa ya sikukuu, ni ya kila siku.

VIFAA NA MAJI

Usiseme, "Kwetu hakuna stima wala blenda." Kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, chujio na mwiko vyatosha. Mwenye blenda naye aitumie, hakuna ubaya.

Kubwa zaidi ni maji. Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja au zaidi, yafunike, yapoe. Osha mikono, vyombo na matunda kabla ya kumenya. Barafu nayo iwe ya maji safi. Kipindupindu hakijali utamu wa kinywaji!

VINYWAJI VITATU

1. Embe na tui
Chukua maembe mawili yaliyoiva, kikombe kimoja cha tui la nazi na kikombe kimoja cha maji. Menya maembe, ukate nyama yake, uiponde mpaka iwe rojo laini. Tia maji, koroga, kisha umalizie na tui. Sukari ya nini? Embe limejitosheleza. Ile rangi ya manjano ya embe hugeuzwa na mwili kuwa vitamini A, inayolinda macho na kuupa mwili kinga. Rangi hiyo huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Ndiyo sababu tui, ambalo lina mafuta, huusaidia mwili kuipokea.

2. Ubuyu na ndizi
Chukua kikombe kimoja cha mabuyu yenye unga wake (si yale mekundu ya peremende), vikombe vitatu vya maji vuguvugu na ndizi mbivu moja. Loweka mabuyu nusu saa, koroga kwa mwiko mpaka unga uachane na mbegu, kisha chuja. Ponda ndizi, uchanganye. Usiyachemshe mabuyu, kwa maana moto mkali hupunguza vitamini C. Unga wa ubuyu huwa na vitamini hiyo kuliko chungwa la uzito ule ule, tena una kalsiamu ya mifupa. Ukiunywa pamoja na maharagwe au mchicha, unausaidia mwili kufyonza madini ya chuma, yanayojenga damu. Chai hufanya kinyume chake. Dada zetu, ambao hupoteza damu kila mwezi, wasilipuuze jambo hili.

3. Maziwa lala, ndizi na njugu
Twanga konzi moja ya njugu karanga zilizokaangwa mpaka zilainike. Ponda ndizi mbili, changanya na njugu, kisha mimina vikombe viwili vya maziwa lala huku ukikoroga. Hapa mna protini na nguvu za kumfikisha mtu shule asubuhi. Njugu zenye ukungu zitupe. Huenda zina sumu iitwayo aflatoksini, na kuzikaanga hakuiondoi yote.

TAHADHARI

Kwanza, sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ile ya juisi imo katika hesabu hiyo. Soda moja ya mililita 300 ina gramu 30 hivi! Kwa hiyo tumia nyama yote ya tunda, na glasi moja yatosha. Pili, kinywaji chenye tui au maziwa kinywewe mara moja. Kwa joto letu hili, kisikae zaidi ya saa mbili. Tatu, kinywaji hakiondoi haja ya sima na mboga.

MSAMIATI
Kifumbu: mfuko uliosukwa wa kuchujia tui.
Kiseyeye: ugonjwa wa kukosa vitamini C.
Rojo: kitu kizito kilicho kati ya maji na ugumu.

JIPIME
1. Kwa nini embe lachanganywa na tui?
2. Kwa nini mabuyu hayachemshwi?
3. Tunga kinywaji chako kwa papai, stafeli au ukwaju, ueleze faida zake.

Likizo hii, kila mwanachama awatengenezee wa nyumbani kwake kinywaji kimoja, kisha atuletee habari chamani. Miti tunayo. Wajenzi tuwe sisi.