Breki za Mafuta na Breki za Upepo

Kutoka Tukuyu hadi Ngonga barabara huteremka takriban mita 1,000. Abiria wa njia hiyo huyakabidhi maisha yake kwa mafuta au kwa upepo.

Gari dogo husimamishwa na mafuta. Kimiminika hakishindiliki: mguu wa dereva ukikisukuma, shinikizo lote hufika magurudumuni, na pistoni yenye eneo mara tano ya ile ya pedali hupata nguvu mara tano. Lakini mafuta ya breki hufyonza unyevu. Yakizeeka, kisha yakapashwa joto na mteremko mrefu, maji hayo huchemka yakawa mvuke. Mvuke hushindilika, na pedali huzama bure. Ukiona dereva akikanyaga mara mbili tatu ndipo gari lishike, usilipuuze.

Basi kubwa hutumia upepo ulioshindiliwa katika matangi. Kila mkanyago hula akiba, ndiyo maana dereva makini hushuka kwa gia nzito. Akiba ikipungua, kengele ya tahadhari hulia. Ikiisha, springi hufunga magurudumu.

Kengele hiyo ikilia, mwombeni dereva aegeshe. Nanyi andikeni namba ya gari kabla ya kushuka. Lalamiko lisilo na namba hutuwia vigumu kulifuatilia.