JIKO LA MKAA LISILALE NDANI

Miezi ya Juni na Julai ni ya baridi kali huko Makete, Njombe, Mbeya na Lushoto. Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Jambo hili ni la hatari. Wako watu waliolala hivyo na hawakuamka tena.

Hatari iko wapi?

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Moshi wa kuni huwasha macho, nasi hukimbia. Hewa hii haimwamshi aliyelala. Wengi hudhani kuwa mkaa uliokolea na kuwa mwekundu hauna madhara kwa sababu hautoi moshi. Sivyo. Mkaa huo ndio unaodanganya watu.

Inauaje?

Damu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini mwote. Hewa ya sumu hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama basi lililojaa wezi: abiria hawapati nafasi. Ubongo na moyo hukosa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, miguu hulegea, kisha huzimia.

Wengine hudhani ni malaria. Lakini ukiona watu wote wa chumba kimoja wanaumwa kichwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikiri juu ya jiko.

Watoto wachanga, wazee na wajawazito hudhurika zaidi. Baadhi yetu humwekea jiko chumbani mama aliyejifungua. Tumpe mama na mtoto blanketi na nguo nzito, si makaa.

Tufanye nini?

1. Tupikie nje, au katika jiko lenye madirisha yaliyo wazi.
2. Tukitaka kuota moto, tuote nje kabla ya kulala. Jiko libaki nje usiku kucha.
3. Makaa yaliyofunikwa na majivu bado yanatoa sumu. Tusiyaingize ndani.
4. Tusitegemee beseni la maji kando ya jiko. Halizuii sumu hii.
5. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba. Nayo hutoa sumu hiyo hiyo.

Mtu akizidiwa

Fungua mlango na madirisha. Mtoe nje upesi, nawe usikae ndani. Ita majirani. Mlegezee nguo. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Usimpe maji wala maziwa, yatampalia. Mpeleke haraka kituo cha afya au hospitali ili apewe oksijeni. Waeleze kuwa alilala na jiko la mkaa. Hata akizinduka, apelekwe.

Ndugu msomaji, baridi ya usiku mmoja huvumilika. Leo jioni, kabla ya kufunga mlango, tazama jiko liko wapi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ni vigumu kuitambua hewa hii ya sumu?
2. Jirani yako amezimia chumbani penye jiko. Utafanya nini kwanza?
3. Katika kijiji chenu, nani hulala na jiko ndani? Mtamweleza vipi?